Neno kwa Andazi

Daftari langu lilianza kwa nidhamu:
upande huu maji, upande ule pi;
moto, mach; kiti, kom;
maneno thelathini kila usiku, stima ikikubali,
na asubuhi, wodini Ahero,
yamebaki matatu, na hayo matatu
yamebadilishana nguo.

Rem ni maumivu, remo ni damu.
Herufi moja tu ya mkiani,
na mimi, Mghoi, niliyeletwa na barua ya uhamisho
kutoka baridi ya Wundanyi,
nikamuuliza bibi wa kitanda cha nne damu iko wapi;
akafunua shuka, akaitafuta.

Wa kitanda cha sita ndiye aliyecheka.
Ogola, miaka tisa, mguu umetundikwa,
mfuko wa mchanga ukiuvuta taratibu urudi kuwa mguu.
Alidandia trekta la mpunga, trekta halikumtaka.
"Lipa," akasema. "Neno moja, andazi moja.
Ukilisahau, unalipa tena."

Yath nimeilipia mara nne.
Maana mti ni yath na dawa ni yath,
na mimi ninayehesabu vidonge kwa trei
sikuona jani hata moja.
Mara ya nne hakueleza. Alinyoosha kidole dirishani,
kwenye mwarobaini wa uani,
akakirudisha kwenye kikombe changu cha dawa,
akakunja uso kwa uchungu,
akadai chake.

Chuny sikuilipia.
Ilinijia usiku, Min Akumu alipojishika
chini ya mbavu, upande wa kulia,
chunya, chunya,
nikapapasa ini, ini laini, halina neno,
nikaandika: ini, kawaida.
Mwenzangu wa zamu akasoma, akanivuta kando:
mumewe amezikwa Jumamosi.
Ini na moyo, huku, vinalala kitanda kimoja.

Daftari sijui liliko. Nadhani mpishi aliwashia jiko.

Ogola aliruhusiwa mwezi wa nane, kwa magongo,
akinidai maandazi mawili.
Langoni, mvua ikipiga mabati,
aligeuka akanirushia neno moja refu.
Nikaitikia kwa kichwa, kama aliyeelewa.

Hilo sijalisahau hata siku moja.
Nalisema nikipima homa, nikifua,
nikingoja chai ichemke.
Sijamuuliza mtu maana yake.
Huenda ni viatu tu.