Zama za Nini

Mtaa wetu pale Ngamiani hauna jina, una namba.
Aliyeuchora aliandika Barabara ya Kumi na Moja,
akafunga daftari, akaenda zake kwao.
Sisi tuliozaliwa humo tunasema kwa Bi Mejumaa,
ingawa Bi Mejumaa hayupo, wala mabumunda yake.

Nayawaza haya nikiwa kazini,
macho yote mawili kwenye hadubini,
nahesabu vimelea katika damu ya mtoto wa Pongwe:
arobaini na moja, arobaini na mbili,
mara Hoza kaingia na swali la bintiye, Mkunde, wa darasa la tano.
Zama za Mawe zilipita. Zama za Chuma zikapita.
Sisi tuko zama za nini?

Nimepoteza hesabu. Naanza moja.

Watu wa mawe hawakujua kuwa ni wa mawe.
Ungewauliza, wangesema zama za jino kuuma,
zama za moto kuzimika usiku wa mvua.
Ngozi zilioza. Mbeleko zilioza.
Jiwe lilikataa kuoza, likapewa zama nzima.
Babu yangu alisokota kamba za mkonge miaka thelathini,
zikafunga mizigo ya dunia;
leo hata uzi.

Basi wa kesho watafukua nini hapa Tanga?
Glavu. Glavu za bluu, magunia kwa magunia.
Watasema: Zama za Mikono Isiyogusa,
walikuwa watu wa mwiko, waliogopa vidole vyao.
Watakuta kila nyumba kioo cheusi, upana wa kiganja,
waseme kilikuwa cha kujitazamia.
Hawatakosea sana.

Fundi aliyetuletea mashine kutoka Dar es Salaam
ana jina lake tayari: Zama za Akili Mnemba.
Mashine inasoma slaidi mia kwa saa, haili, haiendi msibani.
Akili ni nywele, nikamwambia, kila mtu ana zake;
basi hii ni wigi.
Tulicheka wote, hata yeye.

Lakini juzi wigi liliona nilichokipita.
Slaidi niliyoandika *hakuna*, yenyewe ikasema *kipo*.
Nikarudi, nikakaza macho, nikasogeza taratibu:
kweli, pembeni kabisa,
kama pete iliyodondoka sakafuni kwa mwenye haraka.
Mtoto alipewa dawa usiku uleule.
Mama yake alinishukuru mimi.
Nikanyamaza, nikapokea.

Bibi yangu wa Muheza alizaliwa mwaka wa nzige,
akaolewa mwaka daraja lilipochukuliwa na maji,
akazika wawili mwaka wa surua.
Tarakimu hakuwahi kuitaja.
Kwake mwaka ulikuwa ule ulichomfanya mtu,
si kile mtu alichoshika mkononi.

Jioni Hoza kanionyesha daftari la Mkunde.
Kaandika, kwa mwandiko ule wa kulalia upande:
*Zama za Kusubiri Majibu.*
Mwalimu kamkosesha. Kwa wino mwekundu kasahihisha:
*Zama za Sayansi na Teknolojia.*

Nikamrudishia daftari lake.
Nikabandika lebo kwenye kioo: jina, tarehe, Pongwe.
Karatasi itaoza, najua. Kioo hakitaoza.
Nje, kwenye benchi, wamebaki kumi na wanne.