Mkalimani Namba 40716

Saa tatu na dakika nne simu inaita jikoni kwangu, Omaha.
Nazima jiko. Natoa jina langu, ambalo ni namba.
Naahidi kutafsiri kila kitakachosemwa,
hata tusi, hata mzaha,
hata kimya, nikiweza.

Upande wa pili ni Erie, Pennsylvania, na theluji imepanda hadi madirishani.
Najua, maana muuguzi anakung'uta viatu huku akilaani,
na hilo pia nalitafsiri.
"Kumbe hata wao inawasumbua," anasema Mama Mlondani.

Hajawahi kuonana na daktari huyu, wala mwingine, tangu ashuke kwenye ndege.
Kadi ya bima ilifika Ijumaa
katika bahasha aliyodhani ni ya deni;
ikalala siku nne chini ya Biblia.
Leo ameileta ndani ya fundo la kitenge.
Nasikia meno yakilifungua.

Daktari Wisniewski ana sauti ya mtu aliyelala vizuri.
Nini kimekuleta leo?
"Barua. Barua ilisema nije."
Naam, lakini unaumwa wapi?
"Si mlisema nije hata kama siumwi?"

Kanuni ya kazi hii: usiseme "anasema anaumwa."
Sema mimi.
Basi mimi, juu ya kigoda changu, kanga kiunoni,
nasema kwa Kiingereza nilichojifunzia Tanga:
kichwa kinaniuma tangu kambini.
Nimezaa mara tisa, nimezika mara nne.
Sijapimwa macho hata siku moja.

Yeye alisema "kichwa inaniluma."
Zamani ningeshtuka. Siku hizi naziacha ngeli zipite
kama wageni wa harusi wasio na kadi.
Chakula kipo, waingie.

Bangili ya kitambaa inavimba mkononi mwake, inahema, inanywea.
Mia moja sabini na nane, juu ya mia moja na nne.
Nasema: shinikizo la damu.
Kimya.
Nasema: presha.
Kimya.
Nasema: tansiyo.
"Aa, tansiyo! Hiyo ninayo, hata ya kuwagawia jirani."

Kisha swali la ukurasa wa tatu:
mama yako alikufa kwa ugonjwa gani?

Mama Mlondani ananigeukia, ndani ya simu:
"Dada, nimwambie tuliloambiwa, ao tuliloliona?"
Sina ruhusa ya kujibu. Natafsiri.
Vidole vya daktari vinaacha kuchapa.
Yote mawili, anasema.

Waliloambiwa: jirani, kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo.
Waliloliona: mdomo ulikwenda upande,
kikombe kikaanguka na mkono haukujua.
Siku mbili. Alikuwa hajafika hamsini.

Nami nasema, kama nilivyoapa, mama yangu.
Mdomo wa mama yangu ulikwenda upande.
Mama yangu yuko Chumbageni, mzima, jana kanituma hela ya mkaa,
lakini neno limekwishatoka
na mkono wangu wa kulia umeushika wa kushoto
pale juu, panapofungwa bangili.

Nina miaka arobaini na minane. Nalipwa kwa dakika.
Kazi ya dakika haina bahasha wala kadi,
na asubuhi hizi, nikiinuka ghafla, jiko huwa mawili.

Daktari anaandika vidonge; kimoja, asubuhi, kila siku,
hata ukijisikia vizuri. Hasa ukijisikia vizuri.
Natafsiri mara mbili, ya pili bila kuombwa.
Arudi baada ya wiki mbili. Chumvi apunguze.
"Chumvi ya samaki ao ya mboga?" Yote, mama.

Viti vinasogezwa. Nasubiri waage.
"Na wewe dada," anasema, "wewe unatibiwa wapi?"

Kila kitakachosemwa, niliahidi.
Namtafsiria daktari, neno kwa neno:
na wewe dada, wewe unatibiwa wapi?

Erie kimya. Omaha kimya.
Huko nje ya dirisha lao, koleo linakwangua barafu.

Dakika arobaini na moja.
Nawasha jiko. Moja tu, leo.