Manowari ya Gikomba

Niliinunua kwa bei ya kuni,
boriti moja ya msaji, futi kumi na tisa,
siku walipobomoa ghala la reli kule Viwandani.
Wanne tuliibeba. Nzioka akahema,
"Huu si mti, ni deni."

Msumeno ukagonga msumari wa shaba
ukapoteza meno matatu.
Basi nikashika msasa.
Kijivu kikatoka, chini yake nyeupe,
chini ya nyeupe manjano, yenye mikwaruzo mitano mitano,
na chini kabisa nyeusi
ambayo bado ilinuka lami.

Sabina Chepkwony wa makumbusho alikuja na miwani,
akazisoma rangi kama asomaye barua ya mwenzake.
Nyeusi: hapa alikuwa na mizinga sabini,
akapiga, akapigwa, akabadilishiwa bendera mara mbili.
Manjano: vita viliisha, wakamfanya gereza.
Mtu alihesabu siku hapa, kisha akaacha;
hatujui alitoka au alitolewa.
Nyeupe: hospitali ya homa, nanga mbali na mji.
Uzeeni akabebeshwa makaa ya meli za chuma,
hata dhoruba moja ikamkatia kamba
na mwamba ukamla ubavu.
Mbavu zilizobaki zilipigwa mnada,
na garimoshi likapandisha huu mmoja
mpaka huku, ambako chumvi hukaa koponi.

"Usiukate," akasema. "Jumatatu naleta lori."
Akaandika nambari kwa chaki.
Nilikuwa na oda ya kitanda cha Nyaboke,
arubuni nimeshaila.
Nikaweka msumeno chini.

Ijumaa usiku mto ukapanda.
Mto wetu huu, tunaoutupia kila kitu,
ulikuja kutudai.
Ukabeba marobota ya mitumba, mabati, choo kizima na mlango wake.
Nilisimama juu ya meza ya randa
nikaiona boriti ikinyanyuka.
Haikusita.
Ikainua kichwa, ikajigeuza, ikatafuta mkondo,
kama askari mstaafu aliyesikia jina lake likiitwa.
Nikapiga saluti. Usinicheke.

Nakumbuka jiografia ya darasa la sita:
Mto Nairobi humwagikia Athi,
Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki,
Sabaki huingia baharini.
Nikahesabu siku. Tisa, labda kumi.

Haikufika hata Dandora.
Asubuhi niliikuta kwenye daraja la Autaringi,
imekwama kwenye nguzo, imevunjika mara mbili,
godoro la mtu limeifunika kama bendera.
Kina mama wa mabondeni walikuwa shuleni na watoto,
sufuria zipo, unga upo, kuni zote zimelowa.
Kijana Shikuku, mwenye shoka, akanitazama.
Nikamwambia, pasua. Ndani ni kavu.

Iligoma kuwaka. Kisha ikawaka kama iliyokuwa ikingoja,
na moto wa kijani pale penye shaba.
Watoto wakapiga kelele.

Jumatatu lori lilikuja. Lilikuja kweli.
Sabina akatazama matope, akanitazama mimi.
Nikampa msumari.
Akaugeuza, akaugeuza, kisha akafungua daftari.
"Kuna mahali pa kujaza," akasema.
"Manowari ilizama wapi, saa ngapi."
Nikamwambia andika:
Autaringi, saa ya uji.