Arobaini ya Rangi

"Imekauka, haijaiva," aliniambia fundi Elinami
pale gereji Pasua, akifuta mikono kwa petroli.
"Itunze kama kichanga.
Mpaka arobaini."

Basi leo, siku ya kumi na moja,
alfajiri, bodi bado ina baridi,
nimeiegesha upande wa kivuli.
Maji kwanza, mengi, yateremke yenyewe
na vumbi la Kiboriloni.
Kisha sabuni tone moja, si ya unga,
na fulana kuukuu ya Aikande, laini kama shavu.
Sisugui. Napitisha tu.

Vijana wa kuosha magari wananiita ng'ambo ya barabara:
"Mama, mashine, dakika tano!"
Mashine yao inang'oa hata matope ya Rombo.
Nawapungia mkono wa povu.

Kunguru ameacha salamu zake kwenye boneti.
Naziloweka, nasubiri,
mimi nisiye na subira hata ya maharage.

Ni bluu. Mlima umefunguka, umo mlangoni,
umepinda kidogo pale tulipogongwa.
Na kwenye buti, alama ya kidole gumba:
mume wangu, siku ya pili,
alitaka kuhakikisha.
Hiyo haitoki.
Nayo naiosha taratibu.