Hiyo "Hu-" Umeitoa Wapi?

Ukurasa wa tisini na sita, wino mwekundu:
"Ndugu Musembi, hiyo hu- umeitoa wapi?"
Nilikuwa nimeandika sentensi ya maneno mawili,
Mungu hulia,
nikaweka nukta, nikaenda kulala.

Nina miaka hamsini na miwili.
Dakta Nasimiyu, msimamizi wangu, ni rika la kifunguamimba wangu,
na ndivyo ilivyo: Kiyunani hakisimami kumpisha mwenye mvi.
Mwaka wa kwanza nilikariri viambishi juu ya paa la kanisa,
misumari mdomoni, mabati kumi na manane,
-omen, -ete, -ousin,
hata bawabu akaeneza habari Mwiki nzima
kwamba mchungaji ameanza kunena kwa lugha.

Karo ililipwa vipande vipande:
mbuzi wawili wa mama kule Mwingi,
bahasha ya akina mama, sarafu nyingi kuliko noti.
Mzee Gachanja aliniuliza mbele ya kamati,
"Uzamivu, mchungaji? Unazamia wapi,
na hapa Mwiki maji yenyewe ni ya mkokoteni?"
Wakacheka. Nami nikacheka.
Sikuwaambia.

Maana ilianza City Mortuary, Jumanne, mvua ya Aprili,
foleni ya wenye kuchukua wao.
Bi Kwamboka, muuza mboga, alikuja kumchukua Zablon,
miaka tisa.
Nikafungua kinywa. Nilikuwa na maneno,
nimeyatumia mazishini mara mia na kumi
na hakuna aliyewahi kuyarudisha.
Akainua kiganja.
"Mpango wake nimeusikia. Mimi nauliza, yeye hulia?"
Hakusema alilia. Hakusema atalia.
Hulia, vile unavyouliza juu ya mtu unayetaka kumkaribisha:
hunywa chai? hulala saa ngapi?
Nikatazama viatu vyangu, tope.
Karani akaita jina. Tukambeba.

Sasa ni Ijumaa mchana, ghorofa ya pili,
nje mtu anakata nyasi na mashine inayokohoa,
nasi tumezunguka kitenzi kimoja, kaburini Bethania.
Dakta anaandika ubaoni: edakrusen.
"Tendo moja, limetimia. Si mazoea."
Askofu Ekal wa Lodwar anataka akalia, kwa sababu ya mtiririko.
Wangeci, kasisi wa hospitali, anasema
machozi yalimtoka, tuache hapo, twende tukale.
Mimi kimya. Pembeni mwa daftari naandika
li, ka, me, hu,
kama mtu wa usiku anayejaribu funguo mlangoni pake.

Sarufi iko upande wa Dakta, nakiri.
Mababa wa kanisa wako upande wa Dakta.
Mungu hateseki, wanasema, na hoja zao si za mchezo;
nimewapa kurasa arobaini, kwa heshima zote.
Usiku mmoja maktabani nilisinzia juu ya mmoja wao
na nilipoinuka, karatasi ilikuwa imenishika shavu.

Leo stima zimepotea tangu saa mbili.
Kwa tochi ya simu nimerudi ukurasa ule.
Nimeweka kidole juu ya kitufe cha kufuta,
nikakiacha hapo muda mrefu,
jirani akizima jenereta, mbwa wakinyamaza mmoja mmoja.

Sikufuta. Nimeweka tanbihi, ya arobaini na moja:

Kwamboka, muuza mboga, Mwiki. Mazungumzo na mwandishi,
chumba cha maiti, Jumanne, saa nne asubuhi, mvua.
Yeye aliuliza. Alama ya kuuliza
nimeiondoa mimi,
na bado sijui kama nilikuwa na haki.