Ratiba ya Mtu Asiyenusa

Meza ya jikoni, Vigo, mvua nyembamba ya Juni dirishani.
Nimetandaza ramani, jedwali la maji, kalamu mbili:
nyeusi ya kuandika, nyekundu ya kujuta.
Siku tatu tu ofisi ya bandari imenipa,
na hori la Arousa lina maghala ya mvinyo
mengi kuliko makanisa.

Dada yangu Aldara anapiga simu toka Zurich:
mpeleke kule wanakoandaa sahani kumi na mbili,
kila moja na kijiko chake na hotuba yake.
Nalipa mimi.
Simjibu. Anajua, ila hapendi kujua,
kwamba tangu homa ile ya baridi
baba yetu Delmiro hanusi kitu.
Kahawa kwake ni maji ya moto yenye rangi.
Kitunguu kikiungua, yeye ndiye wa mwisho kukohoa.

Mtu wa namna hii nimpangie vipi
katika nchi ya pua?
Watamwinamishia glasi: unapata pichi?
Unapata chumvi, ua la mlimau?
Naye, kwa adabu za watu wa zamani, ataitikia ndiyo,
na uongo huo utamkaa kooni mpaka nyumbani.

Nafuta ghala la kwanza.
Nafuta la pili, lenye bustani na bei.
La tatu hufungwa siku ileile tunayofika;
hilo limejifuta lenyewe.

Naanza upya, kwa kidole.

Alhamisi: shamba la Obdulia, nyuma ya Cambados,
mizabibu imelazwa juu ya vichanja vya matale.
Nguzo zake zinakwaruza kama kidevu kisichonyolewa.
Baba atazipigapiga mgongoni
kama anayemsalimu ng'ombe wake.
Atapewa bilauri baridi, baridi ya kuuma jino,
wala hataulizwa swali. Nimeshapiga simu.
"Mlete," amesema Obdulia.
"Mimi mwenyewe nina mafua tangu Pasaka,
nauza mvinyo kwa kukumbuka."

Ijumaa: bamvua.
Maji yatakupwa saa nne na dakika kumi.
Wanawake wa kombe watashuka na ndoo,
na mimi nitamsimamisha baba ukutani
asikie reki zikikwangua mchanga,
mlio ule ule mama aliokuwa akirudi nao
mabegani, hata akiwa amelala.
Hilo sikuliandika.
Niliandika tu: saa nne na kumi, viatu vya mpira.

Mchana, vyelezo vya kome.
Miaka thelathini na moja alisimama juu yake
akivuta kamba nzito kama ndama.
Nilikuwa nimekwisha kukodi mashua
redio ilipotangaza: sumu ya mwani imeingia horini,
kome wamefungwa hadi taarifa nyingine.
Mpango si matumizi.
Nachukua kalamu nyekundu.

Ndipo anapopita na ndara zake,
miwani juu ya paji la uso,
anachungulia karatasi begani pangu.
"Usifute. Wamefunga kome, hawakufunga kamba.
Nataka kushika kamba."

Anavuta kiti. Anaomba ile nyeusi.
Kwenye Jumamosi, niliyoiacha wazi kwa ajili ya usingizi,
anaandika kwa herufi kubwa
za mtoto aliyetolewa shule akapewa kasia:
PILIPILI ZA KUKAANGA.
Zile ndogo za kijani, ambazo kumi ni pole kama maharage
na ya kumi na moja inakuwasha mpaka masikio.
"Kuwashwa si kunusa," anasema.
"Kuwashwa bado ninako."

Simu inalia tena. Zurich.
"Umeshaweka meza?"
"Nimeweka."
"Wapi?"
Namtazama baba. Anapiga mstari chini ya neno lake,
anaurudia, anaurudia tena,
mpaka karatasi inatoboka.