Dohani

Mara ya kwanza Zohali ilikuwa yai lililopasukia majini.
Mara ya pili, yai lile lile.
Yanara hakusema neno; alishusha kofia masikioni
akanitazama vile wateja wanavyonitazama
msumeno niliowatengenezea unapogoma kuwaka.

Sasa, mimi ni fundi. Nusu ya Coyhaique huniletea misumeno,
na kitu chenye skrubu hakinitishi.
Nikaketi na darubini ile ya mkopo,
malipo kumi na mawili, tumelipa mawili,
nikaisaka kasoro kama mtu anayesaka chawa.

Kwanza, tulikuwa tumechungulia kupitia dirishani.
Cheka, nami nilicheka.
Kioo cha dirisha kina mawimbi yake
na alama za vidole tangu Krismasi.
Tukatoka nje.

Kisha ile lenzi fupi, iliyosifiwa kwenye boksi kwa herufi nyekundu:
inakuza mara mia tano!
Mara mia tano ya nini? Ya uji.
Ukikuza ukungu unapata ukungu mkubwa.
Nikaitia mfukoni, nikaweka ile ndefu, ya wanyenyekevu,
Zohali ikapungua, ikawa punje,
lakini punje isiyotulia, inayojikuna.

Nikaiacha darubini ipoe. Chuma kilichotoka jikoni
huhema saa nzima kabla ya kuizoea baridi.
Lenzi ikaota umande, nikanyoosha mkono wa shati,
Yanara akaudaka: "Utaikwaruza, baba."
Nikazigusa skrubu tatu za kioo cha nyuma, robo kwa robo,
hata nyota ya kujaribia ikawa duara ndani ya duara,
kama mti uliokatwa sawasawa.
Kila kitu sawa. Na bado.

Ndipo akauliza, si kwa sauti ya kuuliza:
"Ule moshi ni wa nani?"

Ulikuwa wetu.
Dohani yetu ilisimama chini kabisa ya Zohali,
na joto la kuni za lenga, zilizonigharimu mshahara wa wiki,
lilikuwa likipanda moja kwa moja kuikoroga mbingu.

Mama yangu Ercilia alikuwa kitandani na kifua chake.
Nilikwenda kwake kofia mkononi.
"Zima," alisema. "Nimewahi kulala penye baridi
kwa sababu mbovu kuliko hiyo."

Makaa yalichukua muda kukubali.
Kisha ikaja, bila kupiga hodi:
kifungo cha shati, na pete yake,
na kati ya kifungo na pete, weusi. Nafasi!
"Imekatwa kwa mkasi," alisema Yanara,
amenikanyaga mguu wala hajui.

Tukamtoa mama, blanketi tatu na poncho ya marehemu.
Akainama. Akakaa kimya kirefu.
"Mwanga," akasema, "kama basi linalokuja kwenye theluji."
Nikazungusha kitufe kushoto. Basi.
Kulia. Basi.
Yanara akawasha tochi kuitazama lenzi: safi, kavu.
Mwanga ukateleza, ukapita usoni pa bibi yake,
nami nikamwona mtoto wa jicho
amelala kwenye mboni zote mbili, mweupe,
hana skrubu.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitufe.
Mama akaushika.
"Acha hapo hapo," alisema.
"Linakuja vizuri."